Kicheko Kisichoingia Kwenye Muhtasari

Fungua Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge la Tanzania, yaani Hansard, ya siku yoyote yenye mjadala mkali, na utakuta neno limewekwa kwenye mabano: (Kicheko). Penginepo ni (Makofi), na siku ya furaha kubwa ni (Vigelegele). Waandishi wa Hansard wanaijua kazi yao. Wanajua kwamba mbunge akisema jambo na ukumbi ukacheka, jambo hilo limeshajibiwa, na jibu lisipoandikwa msomaji wa kesho hataelewa kwa nini msemaji aliyefuata alibadili sauti. Sasa nenda kijijini, umwombe mtendaji akuonyeshe faili la mihtasari ya mkutano mkuu wa kijiji. Utakuta akidi, mahudhurio katika safu mbili za "Me" na "Ke", ajenda, yatokanayo, mengineyo, kufunga kikao. Kicheko hakimo. Nilifanya kazi ya maendeleo ya jamii mkoani Kagera hadi nilipostaafu, nikasoma mihtasari ya namna hiyo miaka nenda miaka rudi, na sikuwahi kukikuta hata mahali pamoja, ingawa katika mikutano hiyo hiyo niliwasikia kina mama wakicheka mpaka mkutano ukasimama.

Kwa nini kicheko cha bungeni Dodoma kinaandikwa na cha kijijini hakiandikwi? Swali hili limenikaa kichwani muda mrefu, na kadiri ninavyolitafakari naona halihusu ufundi wa uandishi peke yake. Linahusu nani anahesabiwa kuwa ametoa hoja, na sauti ya namna gani inahesabiwa kuwa hoja. Hilo ni swali la falsafa, na elimu ya utawala tuliyofundishwa haina jibu lake.

Nitaeleza nilichokiona. Kijiji kimoja wilayani Muleba kilikuwa kimepata mradi wa maji ya bomba, na afisa wa maji alikuja kwenye mkutano mkuu kusoma taarifa ya utekelezaji. Alikuwa kijana mwadilifu, na taarifa yake ilikuwa ya kweli kwa kila tarakimu: urefu wa bomba, ujazo wa tangi, idadi ya vituo vya kuchotea, makusanyo ya jumuiya ya watumiaji maji. Alipofika kwenye sentensi isemayo kwamba huduma inapatikana saa zote za kazi, kicheko kikapasuka upande wa kina mama, waliokuwa wamekaa kwenye majani, miguu wameinyoosha, vitenge wamejifunika magotini. Kilianza kwa mmoja, kikashika wa pembeni yake, kikaenda hadi kwa wale waliosimama nyuma na watoto mgongoni. Mwenyekiti akagonga meza. "Kina mama, tuheshimu mkutano." Kikatulia, kijana akaendelea kusoma. Muhtasari wa siku ile unasema kwamba taarifa ya maji ilisomwa na ikapokelewa.

Watu walipotawanyika nilimfuata bibi mmoja aliyekuwa miongoni mwa waliocheka sana.

"Shikamoo, mama. Mlikuwa mnacheka nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si umemsikia? Saa zote za kazi. Kazi ya nani?"

Akanieleza huku akifunga kitenge chake. Kituo kilikuwa kikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, kwa kuwa hizo ndizo saa ambazo mhudumu alilipwa. Mwanamke wa kijiji kile huhitaji maji saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kupika uji, kabla ya watoto kwenda shule, kabla yeye mwenyewe hajaingia kwenye kibanja kupalilia maharage chini ya migomba. Huyahitaji tena giza linapoanza kuingia, chungu kikiwa jikoni na wazee wanataka kuoga. Saa mbili asubuhi yuko shambani tayari. Bomba lilipokuwa wazi wao hawakuwapo, na walipokuwapo lilikuwa limefungwa, basi wakaendelea kushuka bondeni kwenye chemchemi kama walivyofanya mama zao. Tathmini yote ya mradi ilikuwa ndani ya kicheko kile. Kilisema mahali tatizo lilipo, kilisema nani analibeba, na kilisema kosa limejificha katika neno gani la taarifa. Mtaalamu mwelekezi angelipwa fedha nyingi kuyaandika hayo hayo katika kurasa arobaini.

Kijana yule hakusikia, na simlaumu. Alikuwa amefundishwa kutosikia, na waliomfundisha walifundishwa vivyo hivyo. Sisi sote tuliopita kwenye vyuo vya utawala tulianzia mahali pamoja. Tulianza na Woodrow Wilson, profesa wa Marekani aliyekuja kuwa rais wa nchi yake, ambaye mwaka 1887 aliandika makala akitaka utawala utengwe na mivutano ya siasa na uendeshwe kama shughuli inayojitegemea. Tukaenda kwa Max Weber, Mjerumani aliyefariki mwaka 1920, tukakariri sifa za urasimu kwa ajili ya mtihani: ngazi za madaraka, kanuni zilizoandikwa, mafaili, ajira kwa sifa, na afisa anayetenda bila hasira wala upendeleo. Weber mwenyewe aliona wazi kwamba mashine hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyofaulu kuondoa ndani ya kazi chuki, mapenzi na kila hisia isiyoweza kupigiwa hesabu.

Siwezi kulidharau wazo hilo. Mtu aliyewahi kusimama dirishani akaulizwa ni wa ukoo gani kabla ya kuulizwa shida yake anajua thamani ya afisa asiyejali koo. Mjane anayefuatilia mirathi anamhitaji afisa wa Weber kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini wanazuoni wanawake waliliuliza wazo hilo swali ambalo wanaume hawakuliuliza kwa miongo mingi: afisa huyu asiye na hasira wala mapenzi, anayewahi kazini saa mbili kamili, shati limepigwa pasi, tumbo limeshiba, akili imetulia, nani amempikia? Nani anamuuguza mtoto wake ili yeye asikose kikao? Camilla Stivers wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu taswira za jinsia katika utawala wa umma, alionyesha kwamba sura ya mtaalamu, ya kiongozi na ya mtumishi mwadilifu zimechorwa kwa kumtazama mwanamume, tena mwanamume ambaye nyumbani kwake kuna mtu anayefanya kazi bila malipo. Mwanamke akiingia ofisini huletewa mavazi yaliyokatwa kwa kipimo cha mwingine, kisha huambiwa ana kasoro kwa sababu hayamkai.

Kuna jambo kuhusu Weber ambalo mimi binafsi sikulisikia darasani, nikalijua uzeeni kwa kusoma mwenyewe. Kitabu chake kikubwa kuhusu uchumi na jamii, ambamo mna sehemu maarufu ya urasimu, hakukimaliza. Alikufa akakiacha katika rundo la maandishi. Aliyeyakusanya na kuyafikisha kwa wasomaji ni mkewe, Marianne Weber. Naye hakuwa karani wa mumewe. Alikuwa msomi na kiongozi wa vyama vya wanawake Ujerumani, na mwaka 1907 alikuwa amechapisha kitabu chake mwenyewe kuhusu nafasi ya mke na mama katika maendeleo ya sheria. Kwa hiyo nadharia ya afisa asiye na jinsia imetufikia kupitia mikono ya mwanamke aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba sheria ina jinsia. Ningependa kila mwanafunzi wa utawala nchini aambiwe hivyo siku ya kwanza anapoandika jina la Weber kwenye daftari.

Kathy Ferguson, Mmarekani mwingine, alikwenda mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1984. Alisema urasimu humfanya kila aliye chini yake ajifunze tabia ambazo wanawake wamelazimika kujifunza mbele ya wanaume: kusoma uso wa mwenye madaraka, kuchagua maneno, kutabasamu usipotaka, kungoja. Nilipoisoma hoja hiyo niliyakumbuka mabenchi yote niliyoyaona nje ya ofisi zetu. Mzee wa miaka sabini, mwenye wajukuu, akiingia na kofia mkononi kwa kijana wa dawati, huinamisha kichwa na kulainisha sauti. Ofisi imemfundisha. Na jambo la kwanza analojifunza mtu aliye katika hali hiyo ni kutocheka, au kucheka pale tu mkubwa anapocheka.

Hapo ndipo kicheko na fikra za ufeministi zinapokutana, na hapo ndipo utawala unapopaswa kuogopa kidogo. Mfaransa Hélène Cixous aliandika insha mwaka 1975 akimrudia Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Wagiriki ambaye ilisemekana kila amtazamaye hugeuka jiwe. Cixous alisema amtazamaye usoni ataona kwamba haui. Ni mzuri, na anacheka. Mimi nasoma insha hiyo nikiwafikiria wale kina mama kwenye majani. Walichekea pale ambapo waliogopwa kimyakimya, na mwenyekiti alipogonga meza hakuwa akilinda heshima ya mkutano. Alikuwa akizuia watu wasitazame upande ule.

Kuna mwanafalsafa mwingine wa Ufaransa ambaye kila afisa angefaa amsome, Henri Bergson, aliyetoa kitabu kuhusu kicheko mwaka 1900. Bergson anasema tunacheka tunapoona kitu kigumu cha kimashine kimebandikwa juu ya kitu kilicho hai. Anatoa kisa cha meli iliyozama karibu na Dieppe. Maafisa wa forodha walijitosa kwa ushujaa kuwaokoa abiria, na walipowafikisha salama wakaanza kwa kuwauliza kama wana bidhaa zozote za kutolea taarifa. Kanuni iliendelea kusema yenyewe vinywani mwa watu waliokuwa wamesahau kwamba wako mbele ya watu waliolowa maji ya bahari. "Saa zote za kazi" ilikuwa sentensi ya namna hiyo hiyo. Kwa Bergson, kicheko ni namna jamii inavyomgusa begani mtu aliyekakamaa, ili arudi kuwa mtu.

Napingana naye kwenye jambo moja. Bergson anadai kwamba ili mtu acheke ni lazima moyo wake ufe ganzi kwa muda, kwa sababu huruma huua kicheko. Huenda ndivyo ilivyo kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ukumbi wa michezo mjini Paris. Kina mama wale mioyo yao haikuwa na ganzi hata kidogo. Walikuwa wakicheka migongo yao wenyewe, ndoo zao wenyewe, mabinti zao wanaochelewa shule kwa sababu ya mlima wa chemchemi. Kicheko chao kilibeba huruma kwa kila aliyeketi pembeni yao, na hata kwa kijana yule aliyekuwa akisoma kwa bidii taarifa isiyowaona. Nadharia ya kicheko iliyoandikwa na mtazamaji haiwezi kutosha kueleza kicheko cha mbebaji.

Siwezi kusema kwamba kila kicheko ni hoja. Mimi ni mtu wa Muleba, na Muleba ndiko iliko Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa na umri usiofika miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walicheka na kulia kwa zamu, wengine kwa dakika chache, wengine kwa saa kadhaa, hali ikirudi kwa siku nyingi. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Madaktari Rankin na Philip, waliochapisha ripoti yao mwaka 1963, walieleza uchunguzi uliofanywa wa damu na chakula, na hapakuonekana sumu wala kijidudu. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wengine wakapatwa, ikafungwa tena mwishoni mwa Juni. Wasichana walikuwa wamerudishwa makwao, na Nshamba, ambako baadhi yao walitoka, watu 217 wakapatwa. Shule ya wasichana ya Ramashenye, karibu na Bukoba, wakapatwa 48 kati ya 154.

Duniani kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na hilo huniumiza. Wale walikuwa watoto walio katika dhiki. Watafiti waliokirudia baadaye walikubaliana kwamba haikuwa furaha. Ilikuwa mfadhaiko uliopita kutoka mwili hadi mwili, katika mabweni yenye nidhamu kali, wakati ambapo dunia ya wazazi wao ilikuwa ikigeuka. Ninachotaka kukitazama ni njia ambayo uchungu ulipitia. Ulipitia kwa walio chini. Mwalimu, mwenye kengele na ratiba, hakuguswa. Mwanafunzi, anayeamshwa na kengele na kulazwa na ratiba, mwili wake ulisema jambo ambalo kinywa kisingeruhusiwa kulisema. Utawala ulikuwa na zana mbili, kupima na kufunga. Ulipima damu, ukafunga milango, na kwa kufunga milango ukakisafirisha kicheko hadi vijijini.

Sitaki kumhukumu mtu wa mwaka 1962 kwa elimu ya leo. Nasema tu kwamba tangu wakati ule hadi leo zana zetu hazijaongezeka sana. Likitokea jambo ambalo fomu haina kisanduku chake, tunapima kinachopimika, kisha tunafunga mjadala. Kicheko cha Kashasha na kicheko cha mkutano wa maji ni vitu viwili tofauti kabisa kwa asili yao, kimoja ni maradhi ya dhiki na kingine ni hukumu ya akili timamu. Vimekutana katika namna ofisi ilivyovipokea: vyote viwili vilihesabiwa kuwa vurugu zinazotoka kwenye miili ya wanawake.

Wanawake wa nchi hii wamewahi kuutumia mwili huo huo kama hoja, tena hoja iliyonyooka kuliko waraka. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwatoza Wapare kodi ya kukadiriwa mali iliyoitwa mbiru. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu walishuka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, wakikataa kuondoka. Siku zikaenda, mashamba yakabaki kwa wanawake, ambao pia walikuwa wakiwapelekea waume zao chakula. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika kisa hicho mwaka 1971, ametuhifadhia tukio la Usangi, huko huko Upare, ambapo wanawake walimkabili Mkuu wa Wilaya Mwingereza wakamtaka achague: amalize mgogoro waume zao warudi, au awape mimba yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyewashikilia waume zao.

Nimelitafakari dai hilo mara nyingi. Lina dhihaka, na ndani ya dhihaka mna mantiki isiyopasuka. Serikali ilihesabu ng'ombe, ikahesabu mashamba, ikakadiria mali ya kila mume, na haikuwahi kuhesabu kwamba nyumba inaendeshwa na mtu, kwamba ndoa ni kazi, kwamba kizazi ni sehemu ya uchumi. Wanawake wa Usangi walimwambia mtawala: umechukua nafasi ya mume wangu, basi ichukue yote. Hapakuwa na kanuni katika vitabu vya Tanganyika ya Waingereza iliyomwezesha kujibu. Kodi ile haikudumu. Chuoni kwangu tulisoma sababu za kufutwa kwake katika lugha ya mapato na gharama za usimamizi, na Usangi haikutajwa.

Inanipasa kusema pia kuhusu kicheko kinachokwenda upande mwingine, maana nimekiona kikifanya kazi mbaya. Nimekaa kwenye vikao vya baraza ambako diwani wa viti maalumu akisimama kuuliza kuhusu vyoo vya wasichana shuleni, kicheko cha chini kwa chini huanza kutembea mistari ya nyuma kabla hajamaliza sentensi. Nimemwona karani akiwakonyeza wenzake na kucheka mbele ya mama aliyekuja kudai matunzo ya mtoto. Kicheko hicho kinafanya kazi ile ile ya kugonga meza. Kinamwambia mtu akae chini. Kwa hiyo anayesema kicheko peke yake kitaukomboa utawala hajakaa vikaoni. Lazima kiulizwe kimetoka kwa nani, kinakwenda kwa nani, na nani atalipa baada ya kukicheka. Fikra za wanawake hawa niliowataja ndizo zilizonifundisha kuuliza hivyo.

Wazee wetu walilijua hilo, wakaliwekea taratibu zinazoitwa utani. Msibani, watu wakiwa wameinamisha vichwa, mtani huingia akiigiza mwendo wa marehemu, hudai alipwe madeni ambayo hakuwahi kukopesha, huziba njia ya kaburi hadi apewe kitu. Anayasema ambayo ndugu hawathubutu: kwamba marehemu alikuwa bahili, kwamba watoto hawakuja kumtazama alipougua. Hakuna anayemkasirikia, kwa sababu zamu yao itakuja, nao watamtania msibani kwake. Usawa wa zamu ndio unaofanya utani uwe haki. Ofisi zetu zimeurithi utani kama burudani ya chai ya saa nne, Msukuma na Mzaramo wakitaniana, na zimeacha nje ile sehemu iliyompa mtani wajibu wa kusema kweli.

Katika maandiko matakatifu kuna kicheko kimoja cha mwanamke ambacho nakirudia kila mwaka. Wageni wanamwendea Ibrahimu, wanamwambia mkewe Sara atazaa mtoto. Sara, aliye mzee, yuko mlangoni pa hema nyuma yao, akacheka moyoni. Anaujua mwili wake, ameishi nao, na tangazo limetolewa kwa mumewe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 18, kinasema Bwana alimuuliza Ibrahimu kwa nini Sara amecheka. Sara akakana, kwa kuwa aliogopa. Akaambiwa kwamba hapana, amecheka. Kurani nayo, katika Sura ya Hud, inamtaja mke wa Ibrahimu akiwa amesimama, akacheka, kisha akabashiriwa Is-haka, na baada ya Is-haka, Yakubu. Wafasiri wametoa sababu mbalimbali za kicheko hicho.

Wahubiri wengi niliowasikia humfanya Sara kuwa mfano wa upungufu wa imani. Mimi husikia jambo jingine. Hofu yake naijua. Nimewauliza kina mama wengi mbele ya viongozi, "Mbona mmecheka?" wakajibu upesi, "Hatujacheka." Na naona kwamba Mungu hakukubali kukana kwake. Hakuruhusu kicheko kifutwe kwenye kumbukumbu, akauliza sababu yake, na ahadi ikabaki pale pale. Ndiyo, swali lilipitia kwa mume, na hilo nalo ni la kutafakari. Lakini Yeye aliye juu ya kila mamlaka alisimamisha mazungumzo makubwa kuliko yote kwa ajili ya kicheko cha mwanamke mzee nyuma ya pazia la hema. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kuwa na haraka kumzidi Yeye.

Tumepiga hatua, sikatai. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, na wanawake miongoni mwao wasipungue watatu. Hayo yalipiganiwa na watu waliochoka na kutukanwa, na ninayaheshimu. Sheria imewapa wanawake viti, na safu ya "Ke" imejaa. Ila aliyefundishwa kuongoza kikao bado anaamini kwamba hoja ni kitu kinachosemwa na mtu aliyenyoosha mkono, akasimama, akataja jina lake na kitongoji chake, kisha akazungumza kwa mpangilio. Wanaojua kuzungumza hivyo ni wale waliowahi kuzungumza hivyo, na wengi wao ni wanaume na walimu wastaafu. Mama anayejua saa ambazo bomba linahitajika ana ujuzi usio na mtu mwingine wa kuuleta, na ujuzi huo mara nyingi hutokea kwanza kama mguno, kama kicheko, kama macho yanayotazamana.

Mkutano ukisimama kwa kila kicheko hautamaliza ajenda, wataniambia wenzangu niliowaacha ofisini. Kwa uzoefu wangu swali moja huchukua dakika tatu. Mradi wa maji ambao saa zake hazikuulizwa unaweza kukaa miaka ukihesabiwa umekamilika, huku vidole vya miguu ya wasichana vikiendelea kupasuka kwenye mawe ya bondeni. Katika kijiji nilichokieleza, swali lilipoulizwa hatimaye, dawa ilikuwa kumgawia mhudumu zamu mbili, alfajiri na jioni, na kumpunguzia saa za mchana. Haikuhitaji hata mfuko mmoja wa saruji.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Vyuo vinavyofundisha utawala vimweke Marianne Weber kando ya mumewe, na Usangi kando ya Wilson, ili afisa kijana ajue kabla hajaanza kazi kwamba taarifa yake itasikilizwa na watu wenye miili na saa zao. Na wewe mtendaji wa kijiji unayesoma haya, mkutano wako wa robo hii uko njiani. Kina mama wakicheka, mwombe mwenyekiti asigonge meza. Waulize wanacheka nini, ungoje hofu iwatoke, kisha andika walichojibu, na ukiandike chini ya ajenda ile ile waliyoichekea, sio kwenye mengineyo.